Kidevu cha Mama Mkubwa Efrazia

Kila asubuhi, kabla hajaitikia shikamoo ya mtu yeyote, Efrazia hufungua dirisha la upande wa mashariki, hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kupitisha kidole gumba chini ya kidevu chake polepole, kama anayetafuta sindano iliyopotelea kwenye kitambaa. Kidole kikikwama, husimama hapo hapo. Mkono wa pili huchukua kioo cha pembeni cha pikipiki, ambacho mwenyewe hajulikani wala hatafutwi, na kibano kidogo cha chuma. Dakika tatu, nne. Kisha kibano hupanguswa kwa spiriti na kurudishwa ndani ya kopo la vifungo, na Efrazia hugeuka na kusema, "Marahaba," hata kama aliyemwamkia amekwisha kata tamaa na kwenda zake.

Ni fundi cherehani, Manundu, mjini Korogwe. Ana miaka hamsini na sita na anashona zaidi sare za shule. Watu wanamjua kwa mambo mawili: mshono ulionyooka na ulimi usio na breki. Jambo la tatu, yaani hicho kidevu, lilijulikana na watu wawili tu, yeye mwenyewe na Paulina.

Paulina ni binti wa marehemu mdogo wake. Mama yao alipofariki, Efrazia aliwachukua yeye na kaka yake Raymond, mmoja ana miaka mitatu na mwingine saba, akawalea kwa sketi za bluu na mashati meupe ya watoto wa wenzake. Raymond akawa fundi umeme. Paulina akaenda chuo kikuu kusomea ukutubi, akarudi na cheti kizuri na sanduku la vitabu, na tangu hapo anangoja kuitwa kazini huku akitoboa matundu ya vifungo. Ni msichana wa maneno machache. Amesoma maneno ya watu wengine mengi mno, hata yake mwenyewe yanaona haya kutoka. Kila asubuhi alikuwa akimtazama mama mkubwa wake kutoka chini ya shuka, akijifanya amelala, na kila asubuhi swali moja lilimpanda mpaka kooni, likageuka, likashuka.

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani kama Raymond asingempenda Yusta wa Kwedizinga, huko Handeni.

Kumpenda hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mkaja. Mkaja ni nguo anayopewa mama wa binti, kumshukuru kwa kiuno kilichobeba mimba na mgongo uliobeba mtoto, na nguo hiyo haitumwi kwa mtu. Mama wa kijana huikabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya wote. Kwa miaka yote hiyo Efrazia alikuwa amesaini fomu za shule penye neno "mlezi". Siku ya mahari ingekuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele za watu kwenye nafasi ya mama. Kitenge cha mkaja alikuwa amekichagua tangu mwezi wa tatu. Pindo lake hakulipitisha kwenye cherehani. Alilishona kwa mkono, na Paulina, aliyelipima kwa jicho, hakuona hatua moja ya uzi iliyoizidi nyingine.

Na kulikuwa na Bi Mwanaidi.

Babu yake Efrazia alikuja kutoka Tabora akiwa manamba, kukata mkonge upande wa Mnyuzi, akafia hapo hapo. Efrazia mwenyewe Tabora hajaiona, na Kinyamwezi chake ni maneno matatu, mawili kati yake hayasemeki kanisani. Lakini kwa Mzigua hayo matatu yanatosha. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakuulizi kama unajua kwenu. Anakuuliza kwa nini umechelewa kutukanwa. Bi Mwanaidi alikuwa shangazi yake Yusta, dada mkubwa wa baba yake, na sifa zake zilikuwa zimevuka Segera bila nauli. Inasemekana kwenye msiba mmoja wa Kinyamwezi alivaa koti la marehemu, akakaa kwenye kiti cha marehemu, akadai chai ya marehemu, na hakuvua mpaka ilipoletwa, tena yenye maziwa.

"Huyo mwanamke akiniona na unywele mmoja," Efrazia alimwambia Paulina, "mkaja atapokea yeye na mazishi yangu atasimamia yeye."

Ndiyo maana akaamua kwamba safari hii kibano hakitoshi. Alitaka kidevu cha wiki nzima, laini kama yai.

"Mama zetu kule kambi za mkonge walitumia majivu," alisema. "Unapaka, vidole havitelezi tena, unang'oa kama magugu. Mwezi mzima unalala."

Kwa hiyo aliacha kibano siku kumi, nywele zirefuke zishikike kwa vidole. Siku hizo kumi alizunguka na khanga shingoni akisema ana mafua, akikohoa kidogo kila mteja alipomtazama sana. Jumapili, siku sita kabla ya safari, alichekecha majivu ya jiko, akayakoroga na maji yakawa uji mzito, akapaka upande wa kulia. Yakaanza kuwasha. Fundi haachi mshono katikati, akang'oa mpaka mwisho huku machozi yakimtoka. Kisha, ili kukata makali ya majivu, akajisugua limao. Na kwa kuwa kulikuwa na suruali za watu zinangoja, akatoka akakaa barazani penye jua, akashona.

Ilipofika saa saba kidevu chake, upande wa kulia, kilikuwa chekundu. Saa kumi kilikuwa kinang'aa. Upande wa kushoto, ambao majivu hayakuufikia, ulikaa na ndevu zake za siku kumi, mzima wa afya.

Dukani kwa dawa kulikuwa na foleni, na muuzaji, dada mpole mwenye koti jeupe, hakuwa na sauti ndogo.

"Mama, umepaka nini?"

"Majivu."

"Na nini?"

"Limao kidogo."

"Na jua," alisema Paulina kutoka nyuma, kisha akatamani arudishe maneno.

Yule dada alivuta pumzi. "Majivu ukiyakoroga na maji yanakuwa kama magadi, mama. Yanang'arisha sufuria, sasa ngozi itafanyaje. Na limao usoni halipatani na jua, linaacha doa kama ramani." Akampa masharti. Aoshe kwa maji baridi matupu, bila sabuni ya kunukia. Apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Akae kivulini. Kikitoka lengelenge, aende hospitali. Na asikiguse kidevu hicho, si kwa kibano, si kwa wembe, si kwa zile krimu za miguuni wanazopaka watu usoni, mpaka ngozi irudi rangi yake na iache kuwasha. "Siku saba, labda kumi."

"Nina siku sita," alisema Efrazia.

"Ngozi haina kalenda, mama. Na hizi nywele, zilikuja ghafla au polepole? Sauti imebadilika?"

"Sauti yangu ni hii hii tangu komunio ya kwanza. Zilianza moja moja, siku zangu zilipokoma."

"Basi ni mambo ya umri, usiogope. Zingekuja nyingi kwa mpigo, au kwa msichana ambaye siku zake zimevurugika, hapo ningesema aende kwa daktari apimwe." Wakati akisema hivyo alimtazama Paulina. Paulina alisoma kwa makini boksi la dawa ya minyoo, pande zote nne.

Jumamosi asubuhi upande wa kulia ulikuwa umebanduka na kuacha ngozi changa, nyororo, iliyoiva kidogo. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimefikia urefu wa kujisokota. Efrazia alizitazama kwenye kioo cha pikipiki bila kusema neno, na kwa Paulina ukimya huo ulitisha kuliko ndevu.

"Mama Mkubwa," alisema, "mkasi je? Kukata tu. Haugusi ngozi."

Nyumba hiyo ilikuwa na mikasi minne.

"Nywele ya kidevu ukiikata inarudi nene kama mkonge. Kila mtu anajua. Unataka mwakani nioe mimi badala ya kaka yako?"

Paulina alikuwa amesoma mahali kwamba si kweli, tena alikumbuka hata ukurasa. Lakini kumpinga mama mkubwa siku ya mahari kunataka moyo kuliko ukurasa. Efrazia akachukua khanga, akaipitisha chini ya kidevu, akaifunga utosini.

"Jino linaniuma," alitangaza. "Umesikia? Jino."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

Walikubaliana kuhusu jino. Kitu ambacho hawakukubaliana ni jino la upande gani.

Mshenga wao alikuwa Mzee Julius Semboja, jirani, Mshambaa mstaafu wa reli, mtu wa kofia na heshima. Raymond, kama ilivyo desturi, alibaki nyumbani akitafuna kucha. Gari la kukodi liliwafikisha Kwedizinga saa nne, kwenye ua uliofagiwa mpaka ukawa na mistari. Mikeka miwili ilikuwa imetandikwa, ya wanaume chini ya paa la mbele, ya wanawake karibu na jiko. Katikati alisimama mwanamke mfupi, mpana, mwenye khanga mbili na macho ya mtu aliyelala vizuri.

"Karibuni wageni, karibuni. Shikamoo mshenga. Na huyu aliyefungwa kama gunia la mkaa ni nani?"

"Mtani wako," alisema Efrazia kwa sauti ya mgonjwa. "Jino linanitesa."

"Maskini. Mnyamwezi wa watu. Jino la upande gani?"

"La kulia," alisema Efrazia.

"La kushoto," alisema Paulina, wakati huo huo. Wiki nzima alikuwa hawazi kitu isipokuwa huo upande wa kushoto.

Bi Mwanaidi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Binti, umesoma wewe?"

"Nimesoma, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mtu aliyesoma hapotezi kushoto na kulia. Hebu tulione hilo jino linalohama."

Kwa mtani hakuna kuomba ruhusa, na kwa anayetaniwa hakuna kukasirika. Alivuta ncha ya khanga, na fundo lililofungwa kwa mikono ya fundi likafunguka kama lilikuwa likingoja.

Ua mzima ulitazama. Kuku mmoja alipita katikati, akatazama pia.

"Nyie watu," alisema Bi Mwanaidi taratibu, "mmetuletea washenga wawili. Mama mmemwacha wapi?"

Kicheko kilianzia jikoni kikazunguka ua. Mzee Semboja alikohoa ndani ya kofia yake. Paulina alitamani ardhi ya Kwedizinga ipasuke kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Kwetu," aliendelea Bi Mwanaidi, "mwenye ndevu hukaa na wenye ndevu. Hatuwezi kumweka mwanamume jikoni, wake zetu hawatapika kwa aibu. Jamani wazee, mpisheni mwenzenu." Kisha akamsogelea Efrazia, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia: "Nisamehe haraka yangu, mtani. Leo tukimaliza mazungumzo utakuwa mkwe, na mkwe nitakuheshimu mpaka kaburini. Nimebakiwa na saa chache tu za kukutukana."

Neno la mtani, likishatamkwa mbele ya watu, aliyetamkiwa halivui. Hulivua aliyelisema, kwa mkono wake mwenyewe. Efrazia alijua hivyo, na kila mtu pale alijua. Alikunja khanga yake, akakumbatia mkoba wenye kile kitenge, akaenda kukaa kwenye mkeka wa wanaume, kati ya Mzee Semboja na Mzee Athuman, baba mkubwa wa Yusta, aliyekuwa msemaji wa nyumba. Kutoka karibu na jiko, Paulina aliona mkono wa mama mkubwa wake umeshika mpini wa mkoba kwa nguvu. Uso wake hata hivyo ulikuwa shwari, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeanza kucheza. Paulina aliufahamu mchezo huo. Wateja wanaokuja kudai sare kabla ya siku yake huuona mdomo huo, halafu hujuta.

Chakula kililetwa. Juu ya wali wa wanaume kulikuwa na kuku, na juu ya kuku firigisi, na firigisi si ya kila mtu. Ni ya mkubwa wa mkeka. Mzee Athuman alinyoosha mkono.

"Samahani, mzee mwenzangu," alisema Efrazia. "Nimewekwa hapa kwa ajili ya ndevu. Tuhesabu kwa ndevu basi. Zako ziko wapi?"

Mzee Athuman, mtu mwema, kidevu chake kilikuwa kitupu tangu kuumbwa kwake, na kijiji kizima kilikuwa kimemstahi kwa miaka sabini bila kulitaja jambo hilo.

"Hana," ilisema sauti kutoka jikoni, na wanawake wakaangukiana mabegani.

Mzee Athuman aliutazama mkono wake, akautazama ule upande wa kushoto wa kidevu cha Efrazia, akacheka mpaka akashika mbavu. "Chukua, bwana mkubwa. Umenizidi."

Efrazia alikula firigisi yote, polepole, akitafuna kwa jino lile lililokuwa likimuuma.

Mazungumzo yakaanza. Jembe lilitajwa, likakubaliwa. Blanketi la bibi likakubaliwa. Mbuzi wa wajomba alijadiliwa kama vile alikuwa waziri, akakubaliwa. Kwenye kila jambo Efrazia, kwa haki ya ndevu zake, alitoa maoni kabla ya wazee wengine, na wazee, kwa kuwa firigisi ilikuwa imekwisha liwa, hawakuwa na hoja. Hatimaye Mzee Semboja akavua kofia.

"Sasa tumefika kwenye mkaja."

Mama yake Yusta, Serafina, mwanamke mrefu mkimya, alitoka ndani, akakaa kwenye kigoda alichowekewa, akaweka mikono magotini na kungoja.

Wakangoja wote.

"Nani ananikabidhi?" aliuliza Serafina.

Mzee Semboja alitazama mkeka wa wanawake. Upande wa kijana alikuwepo Paulina peke yake, na msichana ambaye hajaolewa hakabidhi mkaja. Mshenga mwenyewe aliinuka nusu, akakumbuka kwamba ni mwanamume, akakaa.

"Mtani," aliita Bi Mwanaidi, akitabasamu kidogo pungufu ya mwanzo. "Njoo basi umpe mwenzio."

"Mimi?" alisema Efrazia. "Mimi ni mzee wa mkeka huu. Firigisi nimekula, mashahidi wapo. Mwanamume akabidhi mkaja, wapi umeona? Wake zenu hawatapika kwa aibu."

Watu walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu Serafina hakucheka. Bila mkaja hakuna mahari iliyofungwa. Bila mahari kufungwa binti haondoki. Na Paulina, aliyeuona ule mkono juu ya mkoba, alijua kwamba katika ua mzima mtu mwenye hofu kubwa kuliko wote ni huyo huyo anayetania. Kama Bi Mwanaidi angeshupaa, wangetumwa waende wakamlete mama mwingine. Na Raymond hakuwa na mama mwingine.

"Wifi," Serafina alimwambia Bi Mwanaidi, bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyemgeuza. Mgeuze tena. Mimi nangoja hapa."

Bi Mwanaidi alishika kiuno. Alitazama jua. Kisha akasema, "Wee Mnyamwezi, nifuate. Na wewe usiyejua kushoto, lete maji ya moto."

Chumbani kwa Bi Mwanaidi kulikuwa na kitanda, sanduku, na dirisha dogo la upande wa mashariki. Chini ya dirisha kulikuwa na kigoda. Alimkalisha Efrazia hapo, akamwinua kidevu kwenye mwanga, na utani wote ukamtoka usoni.

"Huku kulia kumefanya nini?"

"Majivu. Na limao."

"Wewe ni mjinga, lakini hujui. Huku sikugusi, ngozi bado changa. Kushoto kuna nafuu, hakujaungua. Kunawasha? Hapa? Hapa je? Vizuri." Akageuka. "Fundi cherehani mzima, mkasi huna?"

"Zikikatwa zinarudi nene."

"Nani kakudanganya? Majani ukiyafyeka yanaonekana manene kwa sababu umeyaacha na ncha butu. Mzizi ni ule ule. Miaka kumi na tano mimi na—" Akageukia mlango. "Binti, maji."

Paulina alileta maji. Bi Mwanaidi aliosha mikono yake kwa sabuni mpaka viwiko. Akatoa sandukuni mkasi mdogo wa kucha na chupa ya spiriti, akaufuta mkasi, akazipunguza zile nywele mpaka zikabaki fupi kama punje za mchele uliovunjika, bila ncha ya chuma kugusa ngozi. Kisha akachovya kitambaa safi kwenye maji, akakijaribu kwanza ndani ya kiwiko chake kuona kama moto wake unavumilika, akakibandika kidevuni na kuhesabu kimoyomoyo. "Ngozi ikipata joto inalegea. Haikuumi." Halafu akafungua pindo la khanga yake, mahali ambapo wanawake wengine hufungia hela, akatoa kibano, akakiosha kwa spiriti mara mbili.

Kilikuwa kidogo, cha chuma, kimechakaa kwa kushikwa.

Efrazia alikitazama. Akalitazama dirisha la mashariki. Akakitazama kigoda alichokikalia. Taratibu akamwinua Bi Mwanaidi kidevu kwa kidole kimoja, akakigeuzia kwenye mwanga.

Chini ya taya, penye mkunjo, kulikuwa na vijidoa vidogo sana, safi, vya kazi ya asubuhi hiyo.

"Ah," alisema Efrazia.

"Nyamaza."

"Sijasema kitu."

"Usiseme. Na usicheke, nitakosea." Alivuta ngozi kwa vidole viwili ikanyooka, akashika unywele karibu kabisa na ngozi, akauvuta kuelekea kule unakolala. "Mmoja mmoja. Ukivuta kinyume unakatikia ndani, unaota kichwa chini, unakuwa kipele. Ukiona kipele usikitumbue. Na kibano chako hapewi mtu, hata dada yako."

"Kibano changu nimekiacha nyumbani."

"Ndiyo maana hiki changu nimekiosha kwa spiriti mara mbili, na ukiondoka nakichemsha. Tulia."

Paulina alisimama na beseni, hakusogea. Alijua anaona kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyake: wanawake wawili waliokuwa wakitukanana tangu saa nne, mmoja amefumba macho, mwingine ameuma ulimi kwa makini, na kimya kati yao. Mwisho Bi Mwanaidi alibandika kitambaa cha maji baridi, akapaka mafuta ya mgando kidogo, akarudi nyuma kutazama kazi yake.

"Haya. Mwanamke."

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Efrazia.

"Marehemu mume wangu alijua. Sasa wewe. Na huyu." Alimgeukia Paulina. "Ukisema, nitakuja Korogwe."

"Sitasema, bibi."

"Huyu hasemi," alisema Efrazia. "Akisema anakosea upande."

Walipotoka, ua ulisimama. Bi Mwanaidi alimshika mtani wake mkono, akampitisha mbele ya mkeka wa wanaume bila kuwatazama, akamsimamisha mbele ya kigoda cha Serafina. "Nilimvua, nimemvika," alisema kwa sauti. "Neno langu limekwisha."

Efrazia alipiga magoti. Alitoa kitenge kwenye mkoba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ulimi wake ulitafuta breki.

"Mimi ni Efrazia," alisema. "Mama yake Raymond. Nimekuja kukushukuru kwa kumzaa Yusta na kumbeba."

Serafina alipokea kitenge kwa mikono miwili. Kabla ya kukifunga kiunoni alikikunjua ncha, akapitisha kidole kwenye pindo, mwanzo mpaka mwisho.

"Umeshona kwa mkono," alisema.

"Kwa mkono."

"Karibu, mama Raymond."

Vigelegele vilipigwa. Mzee Athuman aliomba kwamba kwa kuwa sasa mkubwa wa mkeka amehama, firigisi ya kuku wa pili itazamwe upya. Bi Mwanaidi, ambaye sasa alikuwa mkwe wa dakika mbili, alimpigia Efrazia magoti na kumkaribisha soda kwa heshima kubwa mno, hata Efrazia akainama na kumnong'oneza kwamba heshima ya namna hiyo inamtia hofu zaidi.

Jumapili asubuhi, Manundu, dirisha la mashariki lilifunguliwa kama kawaida. Efrazia alikaa juu ya ndoo. Kando yake siku hiyo kulikuwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, jambo jipya. Kidole gumba kilipita, upande wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa bado kwenye likizo.

Paulina hakujifanya amelala. Alitoka chini ya shuka, akaja akasimama karibu na dirisha, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

Hakujibiwa. Aliujua utaratibu, akangoja. Kibano kikapanguswa, kopo la vifungo likafungwa.

"Marahaba. Kuna nini?"

Lile swali lilipanda mpaka kooni, likataka kugeuka. Safari hii Paulina alilizuia njia.

"Na mimi zitaniota?"

Efrazia alimshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuzia kwenye mwanga, akatazama kwa muda mfupi tu, kama anayehakikisha kitu anachokijua.

"Zimekwisha ota," alisema. "Mbili, hapa kushoto."